Kamba ya Mama: shajara ya nyumba yetu Mabwepande

15 Juni 2024

Leo tumepiga kamba, yaani tumepima na kuweka alama pale nyumba itakaposimama. Naandika nikiwa kwenye daladala kutoka Bunju kurudi mjini Dar es Salaam, viatu vimegandwa na udongo mwekundu na simu inakaribia kuzima, lakini sitaki siku hii ilale bila kuandikwa.

Kiwanja mama alikinunua kidogo kidogo kwa fedha za upatu na za vitumbua, akamaliza kulipa mwaka 2019. Ni mita 20 kwa 25, kinashuka kutoka nyuma kuja upande wa barabara, na bikoni (alama za mipaka) zote 4 zipo mahali pake. Kibali cha manispaa tunacho. Majirani waliitwa wakaona mipaka mbele ya mwenyekiti wa mtaa, hakuna aliyenung'unika. Mambo ya makaratasi nayaacha hapo.

Ramani ni ya vyumba 3, sebule, jiko na choo cha ndani, mita 10 na nusu kwa 9. Fundi tuliyempata ndiye aliyemjengea shoga yake mama, mtaa huuhuu, na kabla ya kukubaliana naye nilikwenda kuikagua nyumba ile. Ina miaka 8, sikuona ufa hata mmoja. Leo amefika saa moja asubuhi na wasaidizi wawili, vigingi, nyundo na kamba. Kona ya kwanza ameipima mita 3 upande huu, 4 upande ule, na ulalo kati yake ulitakiwa utoe 5 kamili ndipo kona iwe mraba. Ukatoa 5 na sentimita 2. Akaking'oa kigingi, akaanza upya, bila neno. Hapo moyo wangu ukatulia. Baadaye alipima ulalo wa nyumba nzima, kona hadi kona, mara mbili, zote zikatoa mita 13 na sentimita 83.

Alipokuwa anakusanya vifaa vyake ndipo mama akafungua pochi akatoa kamba yake.

Hii kamba lazima niieleze. Ni kipande cha manila ya buluu iliyopauka, kina fundo moja karibu na ncha. Desemba 2011 tulikuwa Kigogo, vyumba viwili vya kupanga, karibu na bonde la Msimbazi. Ile mvua iliyoua makumi ya watu hapa jijini ilitukuta usingizini. Nakumbuka mama kampandisha mdogo wetu juu ya kabati, yeye kasimama chini, analishikilia kabati lisielee. Maji yalipoondoka yaliacha mstari wa tope ukutani, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Mama alikata kamba, akaweka ncha moja sakafuni, kwenye mstari akapiga fundo. Mita 1 na sentimita 12. Godoro, cherehani, vyeti vyetu vya shule, vyote vilikuwa chini ya fundo lile.

Wengi wa bondeni walipewa viwanja huku Mabwepande mwaka 2012, na shoga yake mama ni mmoja wao. Walianza kwenye mahema. Sisi tulihamia Mabibo, kupanga tena. Mama alikuwa akija kumsalimia mwenzake, na katika kuja huko ndiko alikokiona kiwanja hiki.

Leo kamsimamisha fundi kwenye kona ya chini kabisa, kaweka ncha ya kamba ardhini, kaivuta juu.

"Fundi, sakafu yangu iwe hapa penye fundo."

Fundi alimweleza kwa heshima kwamba ramani inasema sentimita 60, na kwamba hapa ni mwinuko, maji hayawezi kusimama. "Bi mkubwa, nyumba hii haina hata mto karibu."

"Nakuelewa, mwanangu. Lakini mimi sitalala chini ya fundo."

16 Juni

Nimekaa na kalamu usiku kucha. Kupandisha kutoka 60 hadi 112 ni kozi 3, yaani safu 3, za tofali za inchi 6 zilizolazwa. Kuta zote za nyumba, za nje na za ndani, zinataka tofali kama 147 kwa kozi, kwa hiyo ni tofali 440 za nyongeza. Mfuko mmoja wa saruji tunafyatua tofali 30, na mfuko tunaupata kwa 16,000. Weka na saruji ya kujengea, mchanga, tripu 8 za kifusi cha kujaza ndani, mkono wa fundi. Inakaribia milioni 1 na laki 6.

Kaka amepiga simu kutoka Dodoma. Amekasirika. Anasema fedha hiyo ndiyo vigae vya nyumba nzima, na kwamba tutajenga nyumba yenye kimo cha ghala halafu ndani ikae rafu, saruji tupu bila vigae. Ana haki ya kusema, nusu ya fedha ni yake. Nilimwachia simu mama. Sikusikia walichoongea, alitoka nje kwenye ngazi za mwenye nyumba wakaongea nusu saa. Aliporudi kasema, "Kaka yako kakubali. Vigae vitakuja."

6 Julai

Kuchimba kumekwisha. Mtaro una upana wa sentimita 60 na kina cha 80, isipokuwa kona ya chini ambako palikuwa na kisiki cha mkorosho. Mizizi ilikuwa imeoza na udongo umelegea kama unga. Fundi alikataa kuacha hapo, wakashuka hadi mita 1 na sentimita 10 mpaka jembe likaanza kugonga. Mzizi ukiachwa chini unaoza, unaacha pango, na pango likibonyea nyumba inafuata. Shimo lote limenyunyiziwa dawa ya mchwa.

Tatizo la leo ni mchanga. Lori la kwanza limekuja saa nne, mchanga unang'aa vizuri, dereva ana haraka ya kushusha. Fundi akachota ngumi moja, akaufinya, akaufungua mkono. Kiganja kilibaki na rangi. Akaulamba kidogo kwa ncha ya ulimi, akatema. "Chumvi hauna," akasema, "ila nina wasiwasi na udongo."

Akaniomba chupa ya maji ya kunywa. Akaikata shingo, akaijaza mchanga mpaka katikati, akaongeza maji, akaziba kwa kiganja akaitikisa kwa nguvu kama anayetikisa dawa ya mtoto, kisha akaiweka juu ya tofali, kivulini. Tukasubiri. Chembe kubwa zilizama papo hapo. Juu yake, polepole sana, pakaanza kulala tabaka la pili, laini, rangi ya chai ya maziwa. Baada ya saa moja tabaka lile lilikuwa na unene wa kidole changu cha kati, na mchanga wenyewe chini yake ulikuwa vidole vinne tu. Nikamwonyesha dereva. Saruji haishiki udongo, inashika chembe, na tofali za mchanga ule zingemomonyoka kwa mkono. Alibishana, mwisho akaondoka na mzigo wake. Tumepoteza siku nzima na nauli ya lori, na aliyetuuzia mpaka sasa hapokei simu. Lakini chupa ile nimekuja nayo nyumbani, ipo dirishani, na kila tripu itapimwa hivyo hivyo.

27 Julai

Tofali 1,500 za msingi zimefyatuliwa palepale kiwanjani, zimepangwa chini ya makuti. Maji ndiyo gharama, bomba bado halijatufikia, tunanunua kwa boza na mengine tunateka kwenye kisima cha jirani. Shoga yake mama ameikubali kazi ya kumwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7, na hataki malipo. Nilipompigia kumshukuru kanijibu, "Mwanangu, tofali ni kama mtoto mchanga, ukilisahau wiki ya kwanza hulirudishi." Nilipofika leo nimegonga tofali mbili moja kwa nyingine. Zinalia kama chuma.

17 Agosti

Siku ya kupima kimo.

Msingi umepanda kozi zote 10, 4 chini ya ardhi na 6 juu upande wa barabara. Tofali zimelazwa, siyo kusimamishwa, kwa sababu kifusi kikijazwa ndani kinasukuma ukuta kwenda nje, na ukuta mwembamba ungetumbuka. Juu yake utakuja mkanda wa nondo. Kabla ya hapo fundi alitaka kuhakikisha kona zote 4 ziko kimo kimoja, naye hana mashine, ana mpira wa maji unaoonyesha ndani, wa mita 20 hivi. Aliujaza maji polepole akitoa mapovu yote, akampa mama ncha moja.

"Bi mkubwa, shika hapa kwenye kona yako. Usiufunge kwa kidole, uache upumue."

Mama kasimama kwenye kona ya barabara, ule mpira kauweka kwenye tofali la juu, kamba yake imening'inia pembeni kwa mkono wa kushoto. Fundi kaenda na ncha nyingine kona ya nyuma. Maji yakapanda kwenye mpira wa mama, yakashuka, yakapanda kidogo, yakatulia. Mama hakupepesa macho. Fundi aliweka alama ya penseli upande wake, mimi nikaweka upande wa mama, ndivyo tulivyozunguka kona zote. Kona moja ilikuwa chini kwa sentimita 1, itafidiwa kwenye mkanda. Mama alipoulizwa kama amechoka kasema hajachoka, azungushe tena. Tukazunguka mara ya pili.

Ukiongeza jamvi (zege la sakafu) na rafu juu ya tofali hizi, sakafu inafika kwenye fundo.

Sasa ngazi. Sentimita 112 ni ngazi 7 za sentimita 16, na goti la mama halipendi ngazi. Hili lilinisumbua tangu Juni. Lakini upande wa nyuma ardhi iko juu kwa sentimita 80, kwa hiyo mlango wa jikoni utakuwa na ngazi 2 tu. Mama anasema mlango wake ni huo wa nyuma, wa mbele ni wa wageni. Hata hivyo wa mbele nimemwambia fundi aweke na bomba la kushikia.

31 Agosti

Jamvi limemwagwa. Wiki mbili zilizopita zilikuwa za kifusi peke yake, na kwa kweli ndiyo kazi niliyoisimamia kwa ukali kuliko zote, nikaomba na ruhusa ya siku nne kwa bosi wangu wa Kariakoo. Kifusi kinajazwa tabaka la sentimita 15, kinamwagiwa maji, kinashindiliwa mpaka mguu haudidimii, ndipo linakuja tabaka lingine. Vijana wa kushindilia wanapenda kujaza mpaka juu halafu wapige mara moja. Juu panakuwa pagumu, chini patupu, na baada ya mwaka sakafu inakaa kama sahani. Niliwakataza mara mbili. Mara ya tatu alikuja mama kukaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akawapikia na maharage, na hakuna tabaka lililorukwa.

Juu ya kifusi tumetandika mawe madogo, juu yake nailoni nzito ya kuzuia unyevu usipande, kisha zege la sentimita 10. Ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 4 za kokoto. Kokoto ni za Lugoba. Mifuko 60 imekwenda kwa siku moja. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi watu 14, tukamaliza saa kumi jioni. Leo jioni wamelizungushia kingo za mchanga, wakagawa jamvi zima vipande vipande kama majaruba, na kesho vitajazwa maji. Yatakaa humo wiki nzima.

12 Oktoba

Boma limesimama mpaka kwenye lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya milango na madirisha, kozi 9. Tofali sasa zinasimamishwa, na zinapanda haraka mno ukilinganisha na msingi. Wapita njia wanaona nyumba imeota ghafla, hawajui ilivyokaa miezi chini.

Madirisha ya vyumba tumeyaweka kufuata pepo. Kusi inatoka kusini-mashariki na Kaskazi inatoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo sebule inatazama mashariki na kila chumba kina dirisha pande mbili. Nililala Mabibo miaka 12 kwenye chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Mwezi wa Februari mama alikuwa anatandika mkeka mlangoni.

Nondo za lenta ni 4 za milimita 12, na ringi za milimita 8 kila baada ya sentimita 20. Wasaidizi walizilaza moja kwa moja juu ya ubao. Fundi hakuwepo, alikwenda kumzika mtu wake Kibiti, Mungu amrehemu. Nilimpigia, akaniambia nisiruhusu zege lisogee mpaka kila nondo iwekewe kitofali cha saruji chini yake, kimo cha sentimita 2 na nusu. Upepo wetu huu una chumvi ya bahari. Nondo isipofunikwa vizuri na zege inaota kutu, kutu inavimba, na zege linapasuka lenyewe. Tumekata vitofali 60 kwa msumeno, tumechelewa saa tatu. Sawa tu.

9 Novemba

Fedha imekwisha. Vuli imeanza kunyesha juu ya boma tupu. Tumefunika vichwa vya kuta kwa nailoni na mawe. Sina zaidi.

18 Januari 2025

Tumeezeka.

Kaka alikuja mwenyewe kwa ajili ya Krismasi na likizo yake, na tangu siku alipopanda zile ngazi 7 (bado ni za tofali kavu) hajasema tena habari ya ghala. Alisimama sebuleni akatazama chini barabarani muda mrefu. Kisha akauliza bati zinatakiwa ngapi.

Bati 72, geji 28. Geji 30 ni rahisi zaidi lakini ni nyembamba zaidi, ukiikanyaga inabonyea. Mbao zimetoka Mafinga, zimetiwa dawa, na kapenta alizikagua moja moja kwa kuziangalia kwa jicho moja kutoka ncha hadi ncha. Uliopinda aliuweka pembeni. Kila kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) imefungwa kwenye mkanda wa juu kwa nondo zilizoachwa zikichungulia wakati wa kumwaga zege. Nilizihesabu, zote 9.

Bati la mwisho lilipigiliwa jua likikaribia kuzama. Mama alikuwa kaketi ndani, kwenye chumba chake, juu ya ndoo ileile. Nilipomchungulia alikuwa anatazama juu. Kwa mara ya kwanza chumba kilikuwa na giza lake. Sikumsemesha.

22 Machi

Mvua ya masika imenikuta hukuhuku. Nililala Mabwepande na mama kwa sababu fundi wa lipu anamalizia sebule, tumetandika magodoro chumbani. Milango ni mabanzi, madirisha yana magrili na turubai, sakafu ni rafu.

Saa nane usiku ikaanza. Bati jipya halina dari, kwa hiyo kelele ilikuwa kubwa mno, huwezi kusikia anayezungumza. Niliamka nikakuta mama hayupo kwenye godoro. Nilimkuta mlango wa mbele, kaondoa banzi, kashika tochi. Anamulika chini, kwenye ngazi. Maji yalikuwa yanatoka uwanja wa nyuma, yanapita ubavuni mwa nyumba kwenye mtaro tuliouchimba wiki iliyopita, yanakwenda barabarani mekundu na kasi. Ngazi ya kwanza ilikuwa imelowa. Ya pili kavu. Alimulika ya pili, akamulika ya tatu, akarudi kwenye ya kwanza. Tulikaa pale mpaka mvua ilipopungua, kitu kama saa nzima. Baadaye kanishika bega akasema, "Twende tukalale, mwanangu." Akalala mpaka jua likatoka. Mama huwa halali mvua ikinyesha. Tangu nikiwa mtoto wa sekondari sijamwona akilala mvua ikinyesha.

Asubuhi nimekagua: pembe ya jiko inavuja kidogo penye kofia ya bati, kapenta ameshaambiwa. Gata la upande wa mashariki linafanya kazi. Upande ule kila milimita 1 ya mvua inatupa karibu lita 60, na simtanki la lita 2,000 limejaa zaidi ya nusu kwa usiku mmoja. Mfuniko wake ulikuwa unapigwapigwa na upepo. Mama akatazama huku na huku akitafuta cha kuufungia, akaingia chumbani, akatoka na ile manila ya buluu. Kaizungusha mara mbili, kaikaza, kapiga fundo jingine.

Jumamosi ijayo fundi bomba anakuja saa mbili. Bado koki mbili, sinki la jikoni, na mlango wa nyuma.